Erasmus Wilson, Tabibu wa Ngozi na Kinywa

Miongoni mwa matabibu wastahilio kujulikana makambini tunamweka Erasmus Wilson wa London, aliyezaliwa mwaka 1809. Hakuwa mwanajeshi; alikuwa mpasuaji aliyejitolea kuyachunguza maradhi ya ngozi.

Mwezi Juni mwaka 1846, huko Hounslow, Frederick John White, askari wa kikosi cha saba cha wapanda farasi, alichapwa viboko 150 kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi, kwa kosa la kumpiga sajini wake kwa chuma. Mwezi uliofuata akafa. Matabibu wa jeshi walishikilia kwamba ameuawa na maradhi ya kifua. Wilson, alipotakiwa kuukagua mwili, alipasua hata misuli iliyo karibu na uti wa mgongo, akaikuta imeharibika, akatamka mbele ya baraza la uchunguzi kwamba chanzo ni viboko. Baraza likaafiki. Mwaka huo huo viboko jeshini vikawekewa kikomo cha 50, na mwaka 1881 vikafutwa. Sisi tuvaao sare tunamwona kuwa ametutendea wema mkubwa.

Kwa jicho lile lile lisiloridhika na yaliyo juujuu, mwaka 1869 alieleza ugonjwa alioupa jina la likeni plana. Ngozini huleta vipele bapa viwashavyo. Kinywani huushika utando laini wa ndani ya mashavu, kwa kawaida pande zote mbili, ukatokeza mistari myeupe iliyosukwa mfano wa wavu. Wengine hawasikii maumivu. Wengine utando huwa mwekundu na kuchubuka, hata pilipili na chai ya moto zikawa mateso ya miaka mingi. Leo yajulikana kwamba chembe zilindazo mwili ndizo ziushambuliazo utando huo, mfano wa mlinzi aifyatuliaye risasi kambi yake mwenyewe. Ugonjwa hauambukizi, kwa hiyo kikombe cha mgonjwa kisikimbiwe. Dawa za kupaka hutuliza, haziponyi kabisa. Tena, kwa kuwa mgonjwa mmoja hivi katika mia huja kupata saratani kinywani, yafaa aache tumbaku na akaguliwe na tabibu kila mwaka.

Wilson alitajirika, akatoa pauni zipatazo 10,000 ili nguzo ya kale ya jiwe iletwe kutoka Alexandria, Misri. Ilisimamishwa kando ya mto Thames mwaka 1878, na ingalipo. Yeye alifariki mwaka 1884.