Eugene Wigner: Mtoto wa kiwanda cha ngozi aliyekadiria joto lisilozimika

Wafanyabiashara wa ngozi wanaovuka mpaka Namanga au Busia huenda hawajui kuwa bingwa mmoja wa nyuklia alianzia kwenye bidhaa hiyo hiyo. Eugene Wigner alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1902. Baba yake alisimamia kiwanda cha ngozi, akamtaka mwanawe asomee uhandisi wa kemia ili aje kumsaidia. Wigner alitii, akasoma Berlin, akarudi kiwandani. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye fizikia, na mwaka 1930 alikwenda Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani.

Uhandisi ule haukupotea bure. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliongoza kikundi cha Chicago kilichobuni vinu vikubwa vya Hanford, vilivyopozwa kwa maji ya Mto Columbia. Sehemu kubwa ya urani ya mradi huo wa bomu ilitoka kwa majirani zetu, Shinkolobwe, Katanga.

Kinu cha nyuklia hakizimiki kama taa. Upasuaji wa atomu ukisimamishwa, vipande vilivyobaki huendelea kutoa joto, kama makaa ya jiko baada ya sufuria kuepuliwa. Anayepanga pampu za maji lazima ajue joto hilo ni kiasi gani, la sivyo fueli itayeyuka.

Wigner na mwanafizikia mwenzake, Katharine Way, walichapisha hesabu yake mwaka 1948. Kwa kanuni yao, kinu cha megawati 1,000 za joto kilichofanya kazi mwaka mzima hutoa takriban megawati 60 sekunde moja baada ya kuzimwa, 10 baada ya saa moja, na bado zaidi ya 4 baada ya siku nzima.

Wigner alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1963, akafariki Januari 1, 1995. Miaka 16 baadaye, huko Fukushima, Japani, vinu vilijizima tetemeko lilipopiga. Kisha tsunami ikafurika jenereta, maji ya kupoza yakakosa msukumo, na joto lile lile likayeyusha fueli ya vinu vitatu.

Leo Kenya, Uganda na Rwanda zina mipango ya umeme wa nyuklia. Kabla hatujaanza kuuziana umeme huo mpakani, tuulize swali la Wigner: siku kinu kikizimwa, nani ataendelea kukipoza, na kwa umeme upi?