Aniceti Kitereza: Mwandishi wa Ukerewe aliyesubiri miaka 35
Marehemu Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 na kuishi Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria kilichopo mkoani Mwanza. Akihofia mila za Wakerewe zisipotee pamoja na wazee, aliandika kwa Kikerewe riwaya ya mume na mke wanaohangaika kupata mtoto, akaikamilisha mwaka 1945. Mchapishaji wa lugha hiyo hakupatikana. Kitereza hakukata tamaa. Aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikaichapa kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Alifariki dunia mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia. Leo riwaya hiyo inasomwa pia kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza.