Gamal Abdel Nasser na Maradhi ya Sukari

Nyumbani kwa ami yangu mmoja, huko Kipsongo mjini Kitale, picha ya Gamal Abdel Nasser ingali ukutani. Nilipomzuru alinikaribisha kwa chai iliyokolea sukari. Niliinywa kwa haya, ilhali nina maradhi ya sukari na nilikuwa sijamwambia. Usiku ule nilimfikiri sana huyo aliye pichani.

Nasser alizaliwa Iskandaria tarehe 15 Januari 1918, mwana wa mfanyakazi wa posta. Mwaka 1952 yeye na maafisa wenziwe walimwondoa Mfalme Farouk. Mwaka 1956 akautaifisha Mfereji wa Suez. Idhaa ya Kiswahili ya Redio Cairo iliwafikia wazee wetu wa pwani, nao wakampenda kama jamaa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilibainika ana ugonjwa wa sukari. Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu hudhuru mishipa. Moyo, macho, figo na miguu hupata taabu. Tumbako huzidisha madhara hayo, na Nasser alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, mtu wa kazi nyingi na mapumziko machache. Mwaka 1968 alikwenda Umoja wa Kisovieti kutibiwa miguu. Septemba 1969 alishikwa na moyo, akalala wiki sita, na wananchi wakaambiwa kuwa ni mafua.

Alipoinuka alirudia kazi ile ile. Septemba 1970 aliwakusanya viongozi wa Kiarabu mjini Cairo kuzima vita vya Jordan. Tarehe 28, ambayo ni 27 Rajabu 1390, alimsindikiza Amiri wa Kuwait uwanja wa ndege, akarudi nyumbani hajiwezi, na jioni ile akafariki. Umri wake ulikuwa miaka 52. Mamilioni walimsindikiza kaburini.

Sisemi sukari peke yake ndiyo iliyomwua. Lakini maradhi yakiitwa mafua hayageuki mafua.

Asubuhi nilimweleza ami. Alinikemea, kwamba mgeni anayeficha ugonjwa humtia mwenyeji wake makosani, kisha akanimiminia chai isiyo sukari. Tangu hapo napima damu, nala kwa wakati, natembea, natazama nyayo zangu kila usiku, na kabla ya Ramadhani humwona daktari. Nawe msomaji, kama unayo, waambie wa nyumbani kwako.