Mekatilili wa Menza: Shujaa wa Wagiriama aliyefungwa pasipo kesi

MNAMO Oktoba 17, 1913, maofisa wa serikali ya kikoloni walimtia mbaroni mwanamke mjane katika nchi ya Wagiriama, sehemu ambayo leo ni Kaunti ya Kilifi. Aliondolewa kwao, akasafirishwa hadi Kisii, upande wa pili wa nchi, akatakiwa akae huko kwa muda wa miaka mitano. Hakusimama kizimbani, hakusomewa mashtaka mbele ya jaji, wala hakuitwa shahidi yeyote kuja kuthibitisha kosa lake.

Mwanamke huyo alikuwa Mekatilili wa Menza. Habari za ushujaa wake zinafahamika kote nchini, na watoto hufundishwa jina lake shuleni. Lisilotajwa sana ni kwamba kiongozi huyu, aliyeitikisa serikali nzima ya mkoa wa Pwani, aliadhibiwa mara mbili bila ya mahakama kusikiliza upande wake hata mara moja.

Mekatilili alizaliwa katika karne ya 19 mahali paitwapo Mutsara wa Tsatsu, eneo la Ganze. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mnyazi. Kwa desturi ya Wagiriama, mwanamke akishajifungua huitwa kwa jina la mwanawe, na kwa kuwa mtoto wake aliitwa Katilili, naye akawa Mekatilili, yaani mama yake Katilili. Alikuwa binti wa pekee miongoni mwa watoto watano. Masimulizi ya wazee yanaeleza kwamba mmoja wa ndugu zake, Mwarandu, alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa na hakuonekana tena. Msiba huo haukumtoka moyoni, na miaka mingi baadaye, serikali ilipotaka vijana wa Kigiriama waende kufanya kazi mbali na kwao, aliyaona mambo mawili hayo kuwa ni mamoja.

Aliolewa na Dyeka wa Duka huko Lango Baya. Mumewe alipofariki, Mekatilili akabaki mjane, na ujane huo ulimpa uhuru ambao wanawake wengi wa wakati wake hawakuwa nao. Aliweza kwenda kijiji kimoja hadi kingine bila ya kuomba ruhusa ya mume, na kuzungumza mbele ya watu.

Ili kuelewa ugomvi wake na serikali, yafaa kutazama jinsi Wagiriama walivyokuwa wakijitawala. Kitovu cha jamii kilikuwa kaya, makao matakatifu ya asili yaliyozungukwa na msitu. Ya Wagiriama ni Kaya Fungo. Wazee wa baraza liitwalo kambi ndio waliokuwa wakikata mashauri. Mtu aliyeshtakiwa alifikishwa mbele yao, akajitetea, na jambo liliposhindikana kuamuliwa kwa maneno, palikuwa na viapo vya kutenga mkweli na mwongo. Kwa maneno mengine, hawa hawakuwa watu wasiokuwa na sheria. Walikuwa na mahakama yao, na mshtakiwa alikuwa na haki ya kusikilizwa.

Waingereza walitangaza Protektareti ya Afrika Mashariki mwaka 1895. Katika ukanda wa maili kumi wa pwani, uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar kwa jina, waliacha maliwali na makadhi waendelee na kazi zao. Lakini kwa Wagiriama wa bara ya Malindi na Kilifi, serikali iliteua wakubwa wake yenyewe na kuwapa mamlaka ambayo kwa mila yalikuwa ya wazee wa kambi.

Aidha, serikali ilitaka kodi na vibarua. Utumwa ulikuwa umefutwa katika ukanda wa pwani mwaka 1907, na mashamba makubwa ya walowezi yalikuwa yakikosa wafanyakazi. Wagiriama, kwa upande wao, hawakuwa na haja ya ajira hiyo. Walikuwa wamevuka Mto Sabaki na kulima ardhi yenye rutuba upande wa kaskazini, na mahindi yao yaliuzwa kupitia bandari ya Malindi. Mkulima aliyeshiba shambani kwake haoni sababu ya kwenda kulima shamba la mwingine kwa mshahara mdogo.

Mwaka 1912 Arthur Champion alitumwa kuwa afisa wa utawala miongoni mwa Wagiriama. Kazi yake ilikuwa kukusanya kodi, kuimarisha wakubwa waliowekwa na serikali na kuhimiza vijana waende kazini. Mekatilili alianza kuzunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga, na watu walipojaa aliwahutubia. Aliwakumbusha utabiri wa Mepoho, mwanamke wa kale aliyebashiri kuja kwa wageni na kuharibika kwa nchi. Aliwataka wasilipe kodi, wasitoe vijana wao, na wasiwatii wakubwa waliowekwa na Mzungu.

Katikati ya mwaka 1913, yeye na mwenzake Wanje wa Mwadorikola waliitisha mkutano mkubwa katika Kaya Fungo. Hapo vililishwa viapo viwili vizito: wanawake walikula kiapo cha mukushekushe, na wanaume kile cha fisi. Aliyekula kiapo hicho kisha akashirikiana na serikali alijua kwamba amejitakia laana. Kazi ya Champion ikakwama. Wakubwa wake hawakuwa na watu wa kuwaamuru.

Mwezi wa Agosti mwaka huo palikuwa na mkutano baina ya Champion na Wagiriama. Kisa kinachosimuliwa mpaka leo ni kwamba Mekatilili alikuja na kuku mwenye vifaranga, akamtaka Mzungu yule amchukue kifaranga mmoja. Aliponyoosha mkono, kuku alimdonoa, naye Mekatilili akaueleza umati kwamba hayo ndiyo yatakayompata yeyote atakayejaribu kuwachukua wana wa Wagiriama. Champion, kwa mujibu wa masimulizi hayo, alimpiga kuku yule risasi.

Baada ya hapo serikali iliamua kumwondoa. Na hapa ndipo suala la sheria linapojitokeza waziwazi.

Kumshtaki Mekatilili mahakamani kungeilazimu serikali kutaja kosa, kuleta mashahidi na kumwachia nafasi ya kujibu. Ingebidi mashahidi hao watoke miongoni mwa watu waliokula kiapo cha fisi. Ingebidi pia serikali ieleze kwa nini kuwashauri watu wasifanye kazi katika mashamba ya wengine kuhesabiwe kuwa ni jinai. Njia nyepesi ilikuwa nyingine. Sheria za Protektareti ziliupa utawala uwezo wa kumhamisha mtu aliyeonekana kuwa hatari kwa amani, na kumweka mbali na kwao kwa amri tu. Taarifa ya afisa aliyelalamika ndiyo iliyokuwa ushahidi, na wakubwa wake ndio waliokuwa waamuzi. Mkuu wa mkoa, Charles Hobley, aliiafiki njia hiyo, na Mekatilili na Wanje wakapelekwa Kisii.

Wala haikuwa kwamba mahakama hazikuwapo. Mwaka huohuo wa 1913, Mahakama Kuu iliyokuwa Mombasa ilisikiliza kesi ya Wamaasai wakiongozwa na Ole Njogo, waliopinga kuhamishwa kutoka Laikipia. Walikuwa na mawakili na walikuwa na mkataba mkononi. Hata hivyo, mahakama iliamua kwamba mikataba ile ilikuwa mapatano baina ya dola na dola, kwa hiyo haikuwa na uwezo wa kuyaamua. Rufaa yao pia ilitupwa. Hivyo basi, waliogonga mlango wa mahakama waliambiwa kwamba jambo lao halisikilizwi hapo, na aliyetakiwa kuadhibiwa hakupelekwa kwenye mlango huo kabisa.

Amri ile haikumweka Mekatilili mahali pake kwa muda mrefu. Januari 14, 1914, yeye na Wanje walitoroka Kisii wakaanza safari ya kurudi Pwani. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 600, kupita mbuga na nchi za watu wasiowajua, lugha zao wasizozifahamu. Walifika. Kwa Wagiriama, kurejea kwake kulikuwa ushahidi kwamba serikali haikuwa na nguvu ilizojidai kuwa nazo.

Serikali iliijibu kaya badala ya kumjibu mtu. Agosti 4, 1914, siku ambayo Uingereza iliingia vitani dhidi ya Ujerumani, Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Pale palipokuwa mahakama, hekalu na bunge la Wagiriama pakabaki vifusi. Wakati huohuo serikali ilikuwa ikitaka vijana wa kubeba mizigo ya jeshi. Katikati ya mwezi huo mapigano yalizuka, na mwezi huohuo Mekatilili alikamatwa tena na kupelekwa mbali. Kwa mara ya pili, hakuna mahakama iliyoombwa kusema lolote.

Vita vile havikuwa vya usawa. Upande mmoja ulikuwa na mishale, na mwingine bunduki za kikosi cha King's African Rifles. Wagiriama wapatao 150 waliuawa na nyumba kiasi cha 5,000 zikateketezwa. Masharti ya amani yalikuwa mazito: faini ya rupia 100,000, vibarua 1,000 kwa ajili ya serikali, na wote waliokuwa kaskazini ya Sabaki waondoke. Faini hiyo nayo haikutokana na hukumu ya jaji. Ilitozwa kabila zima, mwenye kupigana na asiyepigana, kijana na kikongwe.

Marufuku ya kuishi ng'ambo ya Sabaki haikudumu. Njaa iliingia, mahindi yaliyokuwa yakilisha pwani yakapungua, na kabla ya muongo ule kwisha watu walianza kurejea mashambani. Mwaka 1919 Mekatilili na Wanje nao walirudi kwao. Mekatilili alishika uongozi wa baraza la wanawake na Wanje ule wa wanaume, katika kaya ileile iliyolipuliwa. Alifariki katikati ya miaka ya 1920 na kuzikwa Bungale, eneo la Magarini.

Njia iliyotumiwa dhidi yake iliendelea kutumiwa kwa wengine. Mwaka 1922 Harry Thuku alikamatwa Nairobi na kupelekwa Kisimayu bila ya kesi. Jomo Kenyatta, aliyekamatwa Oktoba 20, 1952, alifikishwa mbele ya hakimu Kapenguria na kuhukumiwa miaka saba mnamo Aprili 1953. Kesi ile ilikuwa na dosari nyingi, lakini Kenyatta alijitetea, mawakili wake waliwahoji mashahidi, na maneno yote yakaandikwa. Hata baada ya uhuru desturi ile ya zamani haikufa: Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa makamu wa rais wa kwanza, aliwekwa kizuizini mwaka 1969 na kuachiliwa mwaka 1971 bila ya kufunguliwa mashtaka.

Tofauti ya Kapenguria na Kisii si ya urefu wa kifungo. Mtu aliyeshtakiwa huacha jalada, na ndani yake mna sauti yake. Anayeondolewa kwa amri huacha taarifa za waliomwondoa. Mengi yaliyoandikwa kuhusu Mekatilili wakati wa uhai wake yalitoka kwa maofisa waliokuwa wakitaka aende zake. Utetezi wake umehifadhiwa na Wagiriama wenyewe, katika nyimbo na masimulizi ya wazee, na kisa cha kuku na vifaranga ndicho kinachosimama mahali pa maelezo ambayo angeyatoa kizimbani.

Dhuluma za aina hii zinapochelewa kufika mahakamani huwa ngumu kurekebishwa. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia Wakenya zaidi ya 5,000 walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau, baada ya wazee wachache waliokuwa hai kuishtaki London. Mwaka 2018 kesi nyingine ya Wakenya wapatao 40,000 ilishindwa hukohuko, kwa kuwa muda mrefu mno ulikuwa umepita. Ikiwa mambo ya miaka ya 1950 yameonekana kuwa ya kale, ya 1914 hayana shahidi aliyesalia.

Kilichobaki ni heshima na sheria. Bustani ya katikati ya mji wa Malindi imepewa jina la Mekatilili, na sanamu yake imesimama humo. Misitu ya kaya za Mijikenda, Kaya Fungo ikiwemo, iliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Oktoba 20, 2010, Kenya ilipoadhimisha Siku ya Mashujaa kwa mara ya kwanza, jina lake lilikuwa miongoni mwa yaliyotukuzwa.

Miezi miwili tu kabla ya siku hiyo, nchi ilikuwa imezindua Katiba mpya. Kifungu cha 49 kinataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo ukimalizikia nje ya saa au siku za kazi za mahakama, na kifungu cha 50 kinampa haki ya kusikilizwa kwa uadilifu. Haki hizo ni za kila mtu, awe aliyewahi kushika dola au mkulima wa Lango Baya. Ndizo ambazo mjane wa Kigiriama alinyimwa mwaka 1913, na akanyimwa tena mwaka 1914.