Frances Hodgson Burnett: Mwandishi aliyeuonja ufukara kabla ya kuusimulia

WAPENZI wa filamu za kale wanamkumbuka Shirley Temple akiigiza Sara Crewe, binti wa kapteni anayepelekwa katika shule ya bweni jijini London akiwa na mavazi ya kifahari, kisha anageuzwa kijakazi baada ya habari kufika kwamba babake amefariki na mali yake imepotea.

Filamu hiyo, The Little Princess, ilitolewa mwaka wa 1939. Kisa chake kilibuniwa na Frances Hodgson Burnett, mwandishi ambaye yeye mwenyewe aliangukia ufukara akiwa mtoto.

Burnett alizaliwa Novemba 24, 1849, jijini Manchester, Uingereza, akiwa wa tatu kati ya watoto watano. Babake, Edwin Hodgson, aliuza vyombo vya chuma na mapambo ya nyumba, na familia iliishi kwa starehe.

Mambo yaligeuka mwaka wa 1853 baba huyo alipofariki. Mjane wake, Eliza, alishika usukani wa biashara, lakini Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilipozuka nchini Marekani mwaka wa 1861, pamba iliyotegemewa na viwanda vya Manchester iliadimika. Viwanda vilifungwa, wafanyakazi wakakosa mishahara, na wafanyabiashara wakakosa wateja.

Mnamo 1865, Eliza alivuka bahari na wanawe hadi jimbo la Tennessee, Marekani, alikoishi kakake. Familia iliyozoea kuhudumiwa ikajikuta katika kibanda cha magogo kijijini New Market, wakati jimbo hilo lilikuwa limedhoofishwa na vita.

Hata hivyo, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Frances, ambaye tangu utotoni aliwaburudisha wenzake kwa hadithi, aliamua kuuza maandishi yake. Kwa kuwa hakuwa na pesa za karatasi wala stempu, alichuma zabibu mwitu zikauzwa sokoni.

Jarida la Godey's Lady's Book lilitilia shaka kwamba hadithi yenye mandhari ya Kiingereza ingetoka Tennessee, likamtaka aandike nyingine. Aliandika, na zote mbili zikanunuliwa kwa dola 35. Ya kwanza ilichapishwa Juni 1868, akiwa na umri wa miaka 18. Mamake alipofariki mwaka wa 1870, kalamu yake ilikuwa tegemeo la ndugu zake.

Mwaka wa 1873 aliolewa na daktari Swan Burnett, wakajaliwa wana wawili, Lionel na Vivian. Riwaya yake ya Little Lord Fauntleroy ilipotoka mwaka wa 1886, umaarufu wake ulienea pande zote mbili za Bahari ya Atlantiki.

Mtu mmoja jijini London alipoigeuza riwaya hiyo kuwa tamthilia bila idhini, Burnett alikwenda mahakamani na kushinda kesi hiyo mwaka wa 1888. Ushindi huo ulisaidia kulinda jasho la waandishi wengine nchini Uingereza.

Lakini utajiri haukuzuia msiba. Mnamo Desemba 1890, Lionel alifariki jijini Paris kutokana na kifua kikuu, akiwa na miaka 16. Ndoa ya Burnett nayo ilivunjika mwaka wa 1898. Alipata utulivu kiasi katika bustani ya waridi ya jumba la Great Maytham, Kent, iliyomtia ilhamu ya kuandika The Secret Garden, riwaya iliyotoka mwaka wa 1911.

Kisa cha Sara alikiandika kwanza kama hadithi fupi iliyotoka kitabuni mwaka wa 1888. Alikigeuza kuwa tamthilia mwaka wa 1902, kisha akakipanua kuwa riwaya ya A Little Princess mwaka wa 1905.

Katika filamu ya 1939, babake Sara anapatikana hai hospitalini, akiwa amejeruhiwa katika vita vya Makaburu na kupoteza kumbukumbu. Katika riwaya, mali inarudi kupitia rafiki wa marehemu, lakini baba harudi kamwe. Burnett, aliyemzika baba na mwana, hakumpa msichana huyo faraja ambayo yeye mwenyewe hakuipata.

Alichompa ni utu. Katika riwaya, Sara anayeumwa na njaa anapata mikate sita midogo, kisha anampa mitano msichana ombaomba aliye na njaa kumliko. Hapo ndipo anapokuwa binti mfalme, akiwa amevaa matambara.

Burnett alifariki Oktoba 29, 1924, huko Plandome, New York, akiwa na umri wa miaka 74. Hakuiona filamu ya Temple, wala ile ya mwaka wa 1995 iliyoongozwa na Alfonso Cuarón, ambayo pia ilimrudisha baba huyo akiwa hai.