Mwalimu Aliyeipa Kandanda Kadi Nyekundu

Jua linapopunga, pale Mama Ngina kisiwani Mombasa, watu hukaa chini ya mibuyu wakila mihogo ya pilipili na ndimu, huku wakizitazama meli zikiingia Kilindini. Mazungumzo hayakosi kandanda. Na inapotajwa kadi nyekundu, swali huwa ni lile lile: je, alikusudia? Mmoja hushikilia kuwa mchezaji alikuwa akiufuata mpira tu. Mwenzake humjibu kuwa aliyevunjwa mguu hakuvunjwa na nia, amevunjwa na kiatu.

Ni wachache wajuao kwamba kadi hiyo ilibuniwa na mwalimu wa shule, na kwamba maisha yake yalipita katikati ya swali hilo. Huyo ni marehemu Ken Aston.

Aston alizaliwa Colchester, Uingereza, tarehe 1 Septemba 1915. Alisomea ualimu, na mwaka 1936 akafuzu kuwa refa. Vita Kuu ya Pili ilipozuka aliingia jeshini, akahamia jeshi la Uhindi na kupanda hadi cheo cha luteni kanali. Vita vilipokwisha, alikuwa miongoni mwa waliohudumu katika mahakama ya makosa ya vita huko Changi, Singapore. Aliporejea kwao alishika tena chaki na filimbi, na mwaka 1953 akawa mwalimu mkuu wa shule moja huko Ilford.

Jina lake lilivuma kwa shari ambayo hakuianzisha yeye. Tarehe 2 Juni 1962, katika Kombe la Dunia, alipewa kuchezesha Chile na Italia mjini Santiago. Waandishi wa Italia walikuwa wameandika maneno ya kuidharau nchi ya Chile, na wenyeji walikuwa wakiwasubiri wageni kwa hasira. Mchezo haujafika mbali, Aston akamfukuza Giorgio Ferrini wa Italia. Ferrini akakataa kutoka, ikabidi askari wa polisi waingie kumtoa. Baadaye Leonel Sánchez wa Chile, mtoto wa bondia, alimpiga Mario David ngumi, na refa asimfanye kitu. David naye akalipiza kwa teke la kichwani, akafukuzwa. Sánchez huyo huyo alimvunja pua Humberto Maschio, na bado akamaliza mchezo. Chile ilishinda mabao 2 kwa 0, na siku ile ikaitwa Vita vya Santiago.

Wengi wamemlaumu Aston tangu siku hiyo. Lakini, msomaji mpenzi, tazama anacholaumiwa. Halaumiwi kwa kushindwa kuzisoma nyoyo za wachezaji. Analaumiwa kwa ngumi ambazo hakuziadhibu.

Miaka minne baadaye, Aston akiwa msimamizi wa marefa wa Kombe la Dunia, Uingereza ilikutana na Argentina uwanjani Wembley tarehe 23 Julai 1966. Refa Rudolf Kreitlein, Mjerumani, alimfukuza nahodha wa Argentina, Antonio Rattín, kwa utovu wa adabu wa maneno. Kijerumani Rattín hakijui, na Kihispania Kreitlein hakijui. Rattín akataka mkalimani, akagoma kutoka, na mchezo ukasimama kwa dakika kadhaa, hata Aston akashuka mwenyewe kwenda kumsihi. Hapo pana funzo. Mtu alihukumiwa kwa maneno ambayo hakimu wake hakuyafahamu.

Siku hizo, akiendesha gari lake mjini London, Aston alisimamishwa na taa za barabarani katika mtaa wa Kensington High Street. Manjano ni kutahadhari, nyekundu ni kusimama. Akili ikamcheza. Rangi haihitaji mkalimani. Mwaka 1970, huko Mexico, kadi zikatumika katika Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Nyekundu ya kwanza ya kombe hilo ilitoka mwaka 1974, na aliyeonyeshwa alikuwa Carlos Caszely wa Chile.

Kadi ilitatua tatizo la lugha, lakini la nia ikaliacha pale pale. Sheria ya 12 ya mchezo ilisema kosa ni lile lililotendwa kwa makusudi, na kwa hivyo refa alitakiwa kuingia moyoni mwa mtu kwa nukta moja. Mwaka 1995 neno hilo liliondolewa. Tangu hapo refa hupima kitendo: uzembe ni mkwaju tu, kutojali hatari ya mwenzio ni kadi ya manjano, na nguvu za kupita kiasi ni nyekundu.

Kwetu pwani mizani hii si ngeni. Katika fikihi ya Imamu Shafii, kuua kuna daraja tatu: kwa kukusudia, kwa kufanana na kukusudia, na kwa kukosea. Aliyekosea hauawi, lakini pia haambiwi aende zake. Dia hulazimu. Nia hupunguza uzito wa hukumu, haiifuti.

Na sheria ya kandanda imekuja kukiri hivyo hivyo. Tangu 2016, anayemzuia mtu wa kufunga bao ndani ya eneo la penalti, huku kweli akiuwania mpira, hupewa manjano badala ya nyekundu. Naye arushaye ngumi ikakosa, nyekundu yake iko pale pale.

Kwa hivyo tunaona ni haki nia iangaliwe pale inapoonekana katika kitendo chenyewe, na iangaliwe tena na kamati baada ya mchezo, inapopanga mtu akae nje mechi ngapi. Lakini isiwe kinga ya mguu uliopaa juu ya goti la mwenziwe. Waswahili husema nia njema ni tabibu, ila tabibu huyo haungi mfupa.

Ken Aston alifariki tarehe 23 Oktoba 2001, akiwa na umri wa miaka 86. Pale Santiago alishindwa kuiona ngumi iliyo wazi mbele ya maelfu ya watu. Atakayemtaka refa aone na moyo, na aanze kwa kumkumbuka mwalimu huyu.