Döbereiner, mwana wa mwendesha gari la farasi aliyechunguza nguvu ya vichocheo

JOHANN Wolfgang Döbereiner alizaliwa mwaka 1780 karibu na Hof, Ujerumani, katika nyumba ya mwendesha gari la farasi. Shule aliyopata ilikuwa haba. Akiwa na miaka 14 alipelekwa kujifunza kazi kwa muuza dawa. Biashara zake zilianguka, hadi Chuo Kikuu cha Jena kilipompa uprofesa wa kemia mwaka 1810.

Mwaka 1821 alibaini kuwa unga wa platinamu huiwezesha oksijeni kugeuza kilevi kuwa siki, nao wenyewe haupungui. Mwaka 1823 alipuliza haidrojeni kwenye platinamu, ikawaka papo hapo. Hivyo akabuni kiwashio kilichoenea Ulaya. Hakukiwekea hataza, faida ikawaendea wengine.

Platinamu, hata hivyo, ni ghali. Mwaka 1832 alionyesha kuwa oksidi ya manganizi nayo ni kichocheo. Unga huo mweusi ndio utumiwao kutengenezea oksijeni katika sekondari za Kenya, kuanzia Nyanchwa, Kisii, hadi Pwani. Ukichujwa na kukaushwa hutumika tena. Siku hizi wataalamu huunda oksidi za metali katika chembe za nanomita, kwani chembe zikiwa ndogo, uso unaofanya kazi huongezeka.

Döbereiner alifariki Jena, Machi 24, 1849.